Tone la Damu Kutoka Ngara
Kufuatilia usugu wa vimelea vya malaria kwa dawa huanzia zahanati: mgonjwa huchomwa kidole, tone la damu likadondoshwa kwenye karatasi chujio na kuachwa likauke. Karatasi hiyo husafiri bila barafu, jambo kubwa kwa zahanati za vijijini.

Maabara haina haja ya kusoma DNA yote ya kimelea. Uzi mfupi wa DNA uliotengenezwa hujishika kwa ncha zake mbili kandokando ya kipande kinachotakiwa. Kimeng'enya hunakili herufi zilizo katikati, kingine huunganisha ncha, na uzi unakuwa duara. Kisha nyuzi zote zisizojifunga huteketezwa. Maduara hubaki, hurudufiwa, ndipo mashine husoma herufi zake. Ni ufundi wa kupendeza kwelikweli, kwani damu ya mgonjwa imejaa DNA ya binadamu, ya kimelea ikiwa chembe tu.

Kwa njia hiyo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na washirika wake walichunguza sampuli za mwaka 2021 kutoka mikoa 13. Kagera ndiko badiliko la usugu liitwalo R561H, herufi moja tu, G kuwa A, katika jeni ya kelch13, lilikoonekana wazi: kwa wingi wilayani Karagwe, kwa uchache wilayani Ngara. Utafiti wa matibabu uliofanywa Karagwe mwaka 2022 ulithibitisha kwamba vimelea vinakawia kutoka mwilini, ingawa dawa mseto bado ziliponya.