Ndugu Wawili wa Aksum: Tatizo la Kumtambua Mwandikiwa

Katika uhakiki wa barua za kale za Kikristo, aghalabu mwandishi ndiye anayeshughulikiwa. Maisha yake huchunguzwa na imani yake hupimwa, ilhali mwandikiwa huachwa awe jina tu. Barua ambayo Kaizari Constantius wa Pili aliipeleka Aksum, Ethiopia, mnamo mwaka 356 au 357 inadhihirisha hasara ya mazoea hayo.

Barua hiyo imeelekezwa kwa watu wawili, Aizanas na Sazanas. Inawataka wampeleke Askofu Frumentius mjini Alexandria akahojiwe na George, aliyekalishwa katika kiti cha Athanasius. Kosa la Frumentius ni kwamba aliwekewa mikono na Athanasius, ambaye Constantius alikuwa amekwisha kumfukuza.

Aizanas hana utata. Ni Ezana, mfalme ambaye maandishi yake ya mawe na sarafu zake zipo hadi leo. Utata uko kwa Sazanas. Wako wanaomhesabu kuwa mfalme mwenza, kwa kuwa tu ametajwa sambamba na Ezana. Mapokeo ya Kanisa la Ethiopia nayo husimulia habari za wafalme ndugu, Abreha na Atsbeha, na wasomaji wengi wamekuwa wepesi kuzifunga jozi hizo mbili pamoja.

Jiwe la Ezana lililoko Aksum, lenye maandishi ya Kigiriki na Kige'ez, halikubaliani na wepesi huo. Humo Ezana peke yake ndiye mfalme, tena mfalme wa wafalme, na nchi anazodai kuzitawala zinatajwa moja baada ya nyingine. Wabeja wanapoasi, anawatuma ndugu zake wawili, Saiazana na Adefa, wakawapige. Saiazana huyu ni vigumu kumtenga na Sazanas wa barua. Lakini hapa yeye ni mtu wa kutumwa, na anatumwa pamoja na ndugu ambaye barua haimjui kabisa. Kama udugu ungetosha kumpa mtu enzi, mbona Adefa aachwe? Ni kweli kwamba jiwe linamwita Ezana mwana wa Ares, mungu wa vita, na kwa hiyo linatangulia kuongoka kwake. Huenda Saiazana alipandishwa cheo baadaye. Hata hivyo, uwezekano si ushahidi.

Hoja nyingine hutolewa katika mwisho wa barua, ambapo Constantius anawaita waandikiwa wake ndugu waheshimiwa. Msomaji wa Kiswahili, kuliko wengine, hana budi kusita hapa. Bahasha iliyoandikwa "Kwa Ndugu Fulani, Membley, Ruiru" humfikia mwenyewe kwa sababu majirani wanamjua. Ikiokotwa baada ya karne 16, neno hilo halitamweleza msomaji kama ni udugu wa damu, wa kanisa, au adabu ya barua tu. Constantius huyohuyo alimwandikia Shapur wa Pili wa Uajemi mwaka 358 akimwita ndugu, na hakuna anayedhani kwamba walitoka tumbo moja. Tofauti ni kwamba Shapur anaitwa pia mfalme. Katika nakala iliyosalia ya barua ya Aksum, majina yamesimama matupu bila cheo. Neno la Kigiriki linalowafanya watawala ni la Athanasius, si la Kaizari.

Ni nakala ya nani, basi? Barua imehifadhiwa ndani ya utetezi ambao Athanasius aliuelekeza kwa Constantius mwenyewe. Kifasihi, mwandishi amegeuzwa kuwa mwandikiwa: anasomewa maneno yake kama ushahidi dhidi yake. Athanasius alihitaji kuonyesha kwamba aliwindwa hadi miisho ya dunia. Ngazi za vyeo katika jumba la Aksum hazikumhusu. Lakini pia hakuwa na sababu ya kuongeza jina la pili, na kwa hiyo jina la Sazanas lipokelewe.

Kinachoweza kusemwa juu yake ni kwamba Roma ilimdhania mtu mwenye uwezo wa kumwondoa askofu. Hilo ni jambo kubwa, lakini halimfanyi mfalme. Rufinus, anayesimulia jinsi Frumentius alivyofika Aksum, anamtaja mrithi mmoja tu wa kiti, mtoto aliyelelewa chini ya mamaye. Simulizi lake halina pacha wa kifalme.