Fundi wa Pumzi

Sisi wa Voi hatukukulia majini. Mto wetu hujaa mvua ikinyesha, kisha hubaki mchanga, na mtoto wa huku hujifunza kubeba maji mapema kuliko kuyaogelea. Tuna pia maji ya chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Mvua ya milima ya Chyulu huzama kwenye mawe ya volkano, hupita chini kwa chini, kisha huibuka pale ikiwa safi hata kokoto za chini zinahesabika. Lakini Mzima ni ya viboko na mamba. Binadamu anashuka ngazi hadi kwenye chumba kilichozamishwa, anasimama nyuma ya kioo na kuwatazama samaki wakipita, naye ni mkavu. Wengi wetu maisha ya chini ya maji tumeyaonea hapo tu.

Basi mtu wa namna hiyo akipanda treni hadi Mombasa, akavuka Likoni, akashuka Shimoni na kuingia mashua ya Kisite, anampa mwongozaji kazi ngumu: kumfundisha kutazama chini ya maji kwa miwani na mrija wa kupumulia. Ni kazi hiyo ninayotaka kuisifu, kwa sababu wanaosifiwa siku zote ni matumbawe na pomboo, na yule kijana aliyemwezesha mgeni kuyaona hatajwi.

Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti iko kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini, na waongozaji wengi ni watu wa huko huko. Inasimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori lile lile linalosimamia ndovu wetu wa Tsavo. Mashua hufungwa kwenye boya, maana nanga ikitupwa ovyo huvunja matumbawe, na tumbawe gumu la mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika pwani yetu. Anayejua hilo haachi mguu wa mgeni ukanyage popote.

Siku niliyokaa nikitazama kwa makini, mwanafunzi alikuwa mama mmoja wa Sagalla, mtu mzima, amevaa jaketi la kuokolea, mikono imeshika ukingo wa mashua. Kijana hakumharakisha. Alianza na miwani. Aliiweka usoni pa mama bila kamba, akamwambia avute hewa kwa pua. Miwani ikaganda yenyewe, akajua imemkaa. Unywele mmoja ukiingia chini ya mpira, maji yatapenya, kwa hiyo alizipanga nywele zake zote nyuma chini ya leso. Kamba akaipandisha kisogoni, juu ya masikio. Kabla ya hapo alikuwa ametema mate kwenye kioo, akayasugua kwa kidole, akasuuza kwa maji ya bahari. Dawa ya ukungu ni hiyo.

Halafu akamshusha pale maji yalipofika kifuani, kwenye mchanga.

"Mwanangu, usiniache," mama akasema.

"Niko hapa, mama. Usivute kwanza. Toa pumzi. Toa yote."

Hapo ndipo nilipouona ufundi wake. Wengi humwambia mwanafunzi avute hewa, na mwenye hofu huvuta, kisha huvuta tena, vipande vifupi vifupi. Lakini ndani ya mrija hubaki hewa iliyokwisha tumika. Anayepumua kifupi huirudisha hiyo hiyo kifuani, mwili hudai zaidi, na hofu hupanda. Ndiyo maana yeye alianzia kwenye kutoa. Mama alipotoa pumzi ndefu, kuvuta kulikuja kwenyewe, kwa kina. Maji yalipoingia mrijani alimfundisha kupuliza mara moja kwa nguvu, yakaruka juu. Alimrudisha kwenye zoezi hilo mpaka likawa halimshtui.

Muda wote huo kijana hakuwa akimtazama usoni. Alisikiliza kwenye ncha ya mrija pumzi inakwendaje, na kutazama vidole vya mama kwenye boya dogo alilompa kushikilia. Vidole vilipokunjwa, alisimama. Vilipolegea, alisogea kidogo kuelekea mwamba. Mkondo alikuwa ameshaupima: walianza upande unakotoka maji, ili mtu akichoka bahari imrudishe kwenye mashua, isimpeleke mbali nayo. Saa ya kupwa na kujaa aliijua bila kutazama simu. Msimu nao una sehemu yake. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na maji hung'aa. Kusi ikishika, mwanafunzi wa kwanza ni heri angojee.

Kabla hawajafika kwenye mwamba alimwonya jambo moja: chini ya maji kila kitu huonekana karibu na kikubwa kuliko kilivyo. Samaki anayeonekana mrefu kama mkono ni mfupi kwa robo nzima. Mama alinyoosha kidole kwa kitatange wa manjano na kidole hakikufika popote. Kisha akasikia kitu. Pono walikuwa wakitafuna mwamba, na mlio wa meno yao husikika waziwazi majini. Mwamba wanaousaga hutoka tumboni mwao ukiwa mchanga, mchanga ule ule tunaoutandikia leso ufukweni. Aliinua kichwa, akatoa mrija, akasema, "Wanakula! Nimewasikia!" akarudisha uso majini bila kuambiwa. Boya lilikuwa limemtoka mkononi na hakuliulizia.

Kijana aliogelea kando yake, hatua mbili nyuma, asimzibie kitu.

Msomaji wa Voi, wa Mwatate, wa Taveta: ukishuka pwani likizo hii, mwambie nahodha mapema kwamba hujui kuogelea, wala usione haya. Vaa fulana, jua la huko huchoma mgongo ulioelea. Omba uanzie kwenye maji ya kifua, na usikubali kutupwa penye kina kwa sababu mashua ina haraka. Na ukirudi bandarini, mlipe mwongozaji haki yake bila kuvutana naye bei, kwa maana amefanya kazi ya ualimu.