Kuboresha au Kuhamia? Uhakiki wa Istilahi za Kubadili Kikalimani cha Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi chache zitumiwazo kuelezea kazi moja ya mafundi wa kompyuta, nayo ni ile ya kutia toleo jipya la kikalimani cha lugha ya programu katika mfumo wa Unix. Kazi hii yaweza kuonekana ndogo na ya watu wachache. Lakini mwongozo wake humfikia mtumishi wa serikali aliyekabidhiwa seva ya ofisi, na mwalimu atunzaye chumba cha kompyuta, nao humtegemea mfasiri. Neno likipotoka katika insha, msomaji hukunja uso akaendelea. Likipotoka katika mwongozo wa kazi, msomaji hutenda kama alivyoambiwa, na mashine yenye kumbukumbu za watu ikasimama. Ndiyo maana twaona kwamba istilahi hizi zastahili kupimwa kwa mizani kali kuliko ilivyo kawaida.

1. Kikalimani na mfasiri

Unix ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Mifumo mingi ya seva ya leo, hasa ile ya Linux, imefuata mtindo wake. Katika mifumo hiyo programu huandikwa kwa lugha za namna mbili. Ziko lugha ambazo maandishi yake hufasiriwa yote kwa mara moja kabla ya kutumika, mfano wa mfasiri akabidhiwaye kitabu kizima. Ziko nyingine ambazo maandishi yake husomwa na kutekelezwa papo hapo, mfano wa mkalimani asimamaye kando ya msemaji mkutanoni. Miongoni mwa hizi za pili ni Perl, iliyotolewa na Larry Wall mwaka 1987, na Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991.

Kiswahili kina bahati hapa, maana kimekwisha kutenganisha mfasiri wa maandishi na mkalimani wa mazungumzo. Wako wanaokiita chombo hiki ‘mkalimani’. Sisi twapendelea ‘kikalimani’, kwa ngeli ya vyombo, wala si kwa sababu ya upatanisho tu. Mkalimani aliye mtu humsaidia msemaji: akisikia neno la kizamani, hulielewa kwa mazingira yake na kulieleza. Kikalimani hakina huruma hiyo. Kikikutana na sentensi isiyomo katika sarufi yake husimama. Na lililo baya zaidi, huenda kikaipa sentensi ile ile maana mpya bila kumwambia mtu. Msomaji anayefikiri habari za mtu hatalitazamia jambo hilo.

2. Neno ‘kuboresha’

Kazi ya kutoka toleo moja kwenda jingine wafasiri wengi huiita ‘kuboresha’, na wengine ‘kupandisha daraja’. Maneno yote mawili ni ya sifa. Aliyepandishwa daraja hapati hasara, na kitu kilichoboreshwa hakiwi kibaya. Hivyo msomaji huahidiwa matokeo kabla hajaelezwa tendo.

Tutazame yaliyotokea kwa lugha ya Python. Toleo la 3.0 lilitoka Desemba 2008. Nalo kwa makusudi halikuafikiana katika mambo yote na matoleo ya 2. Amri ya kuchapisha maneno, print, ilidai mabano ambayo zamani haikuyahitaji, na programu isiyo na mabano ikasimama papo hapo. Kosa la namna hiyo ni la wazi, na fundi hulisahihisha. Lakini kugawanya nako kulibadilika. Katika Python 2, namba kamili 7 ikigawanywa kwa 2 hutoa 3, na sehemu inayobaki hutupwa. Katika Python 3, maandishi yale yale hutoa 3.5. Hapo hapana onyo lo lote. Programu ya ofisi yaendelea kufanya kazi na kutoa majibu, ila majibu hayo si yale ya jana.

Je, hilo ni kuboresha? Kwa wenye lugha ndiyo, maana kanuni mpya ni nzuri zaidi. Kwa ofisi yenye programu ya zamani ni kuhama: mtu ameondoka katika nchi ya sheria fulani na kuingia katika nchi ya sheria nyingine, na hana budi kuuliza ni mali gani itakayozuiwa mpakani.

3. Tegemezi na tegemewa

Kuna neno la pili lenye hatari zaidi. Karibu kila mwongozo humwonya fundi aangalie mahusiano ya utegemeano baina ya programu, na wafasiri wameliweka neno moja, ‘tegemezi’, kwa pande zote mbili. Kwa Kiswahili cha kila siku, mtegemezi ni yule alishwaye na mwenziwe. Programu tegemezi, basi, ni ile iegemeayo nyingine. Lakini katika miongozo neno hilo hutajwa pia kwa kitu kiegemewacho, yaani maktaba au kikalimani ambacho bila yake programu haisimami. Mlezi ameitwa mlelewa.

Tofauti hii si ya kupamba lugha. Katika mfumo wa CentOS 6, uliotoka mwaka 2011, kikalimani cha mfumo kilikuwa Python 2.6. Toleo la 2.7 lilikuwa limekwisha kutoka mwaka 2010, na wengi walilitaka. Waliolitia mahali pa lile la zamani, katika njia ya /usr/bin/python, waligundua kwamba yum haifanyi kazi tena. Yum ndicho chombo ambacho mfumo ule hukitumia kuleta na kuondoa programu, nacho kiliandikwa kwa Python. Mstari wake wa kwanza, uanzao kwa alama #!, ulikitaja kikalimani cha njia ile ile, na maktaba zake zilitengenezwa kwa toleo la 2.6. Chombo cha kurekebishia kosa kilikuwa kimeharibiwa na kosa lenyewe, mfano wa mtu aliyeufungia ufunguo ndani ya nyumba. Ilibidi kurudi kwa njia ya nyuma, kwa chombo cha rpm, ambacho hakitegemei Python.

Mtu huyo angeweza kuwa ameangalia kila kitu ambacho Python 2.7 inakihitaji, akakiona kipo, akaridhika. Swali ambalo hakuuliza ni lile la upande wa pili: ni nani anayeegemea Python ya zamani? Mwongozo wenye neno moja kwa maswali mawili humwacha msomaji aamini kwamba amekwisha kujibu yote. Kiswahili hakina haja ya kuingia katika shimo hilo, maana kauli ya kutendwa ipo tayari: chenye kuegemea ni ‘tegemezi’, na chenye kuegemewa ni ‘tegemewa’.

4. Neno lililo bora kuliko lilivyodhaniwa

Wako wanaolilalamikia neno ‘kusakinisha’, wakisema kwamba ‘kuweka’ lingetosha. Sisi twalitetea. Kusakini ni kukaa na kutulia mahali. Kusakinisha basi ni kumpa mgeni makazi. Na hivyo ndivyo kazi hii ifanywavyo kwa salama: mgeni hupewa chumba chake, na mwenyeji hafukuzwi. Maelekezo ya Python yenyewe kwa mifumo ya Unix yanashauri kutumia amri ya make altinstall, ambayo hukitia kikalimani kipya kwa jina lenye namba ya toleo lake, kwa mfano python3.12, bila kulinyang’anya toleo lililotangulia jina la python3. Aghalabu makazi hayo huwa katika saraka ya /usr/local, ambayo kwa desturi ya Unix ni ya mwenye mashine, ilhali /usr/bin ni ya mfumo.

Watengenezaji wa mifumo nao wameielekea njia hiyo. Red Hat Enterprise Linux 8, ya mwaka 2019, ilikitenga kikalimani cha mfumo katika saraka isiyomo katika njia ya amri za kawaida, ili chombo cha mfumo na chombo cha mtumiaji visigombanie jina moja. Debian 12, ya mwaka 2023, hukizuia chombo cha pip kisitie maktaba ndani ya Python ya mfumo, isipokuwa mtu ameshurutisha.

Kwa programu za mtumiaji, Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012 huruhusu kila kazi iwe na maktaba zake peke yake. Wako wanaopaita mahali hapo ‘mazingira pepe’, kwa mfano wa ‘uhalisia pepe’. Twaona neno hilo laweza kumpotosha msomaji ambaye ‘pepe’ amelizoea katika barua pepe, akadhani kwamba mazingira hayo yako mtandaoni. Kumbe ni saraka ya kawaida katika diski yake, naye aweza kuifuta na kuiunda upya bila kuudhuru mfumo. ‘Mazingira yaliyotengwa’ ni marefu zaidi, lakini husema kweli.

5. Hoja za upande wa pili

Huenda tukajibiwa kwamba ‘kuboresha’ limekwisha kuenea, na kwamba istilahi ni alama tu, haiwezi kubeba mafundisho yote. Hoja hiyo ina uzito. Katika simu, ambamo mtengenezaji hufanya kila kitu na mtumiaji hubonyeza mara moja, neno lo lote fupi latosha. Lakini mtunza seva hana mtengenezaji nyuma yake. Alilo nalo ni mwongozo.

Yaweza pia kusemwa kwamba onyo likizidi, watu wataogopa na kubaki na vya kale. Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbachao nao huchakaa. Python 2 ilifikia mwisho wa kutunzwa tarehe 1 Januari 2020, na toleo lake la mwisho, 2.7.18, lilitoka Aprili mwaka huo. Tangu hapo, kasoro ya usalama itakayoonekana ndani yake haitazibwa na wenye lugha. Kwa hiyo kutogusa kitu si usalama. Neno zuri halina budi kumsukuma msomaji aende, na wakati huo huo kumkumbusha anachokiacha.

6. Tafsiri ya mfano

Tuseme mfasiri ameandika hivi: “Boresha Python iwe toleo jipya, kisha hakikisha tegemezi zote zipo.” Sentensi ni nyepesi na sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo, haisemi toleo la zamani litendwe nini, wala tegemezi hizo ni za upande gani, na uhakikisho umewekwa baada ya tendo. Sisi tungeandika:

“Kwanza, orodhesha programu zote tegemezi, yaani zile zinazokiegemea kikalimani cha sasa. Pili, weka nakala ya akiba. Tatu, sakinisha kikalimani kipya kando, pamoja na tegemewa zake, bila kukigusa kile cha mfumo. Nne, zijaribu programu za ofisi moja moja kwa kikalimani kipya, ukilinganisha majibu yake na yale ya zamani. Mwisho, hamisha zile tu zilizofaulu.”

Maneno yameongezeka, lakini kila moja lina kazi.

7. Mapendekezo

Kutokana na hayo, twapendekeza kwa wafasiri na walimu:

(i) ‘Kusasisha’ litumike kwa kutia marekebisho ndani ya tawi lile lile la toleo, kwa mfano kutoka 3.11.1 hadi 3.11.2, ambapo sarufi ya lugha haikusudiwi kubadilika.

(ii) ‘Kuhamia toleo jipya’ litumike pale ambapo tawi lenyewe hubadilika, kwa mfano kutoka 2.7 hadi 3, na programu za zamani zahitaji kujaribiwa upya.

(iii) ‘Kusakinisha kando’ litumike kwa kutia toleo jipya pasipo kuondoa lililopo.

(iv) ‘Tegemezi’ na ‘tegemewa’ yatenganishwe daima.

(v) ‘Kuboresha’ liachiwe mwandishi wa matangazo, au mtumiaji ambaye amekwisha kujaribu, akaona kwa macho yake kwamba mambo yamekuwa bora.