Dhahabu ya Waterdeep Ni ya Nani?

Waterdeep: Dragon Heist ilitoka 2018, kazi ya Wizards of the Coast kwa wachezaji wa Dungeons & Dragons. Kama hujawahi kuucheza mchezo huu: mnaketi mezani, kila mmoja na mhusika wake, msimamizi anasimulia, na palipo na utata dadu inaamua. Kisa chenyewe ni rahisi. Mtawala wa zamani wa jiji, Dagult Neverember, alichota dhahabu ya umma, sarafu 500,000, akaificha chini ya jiji hilohilo. Sasa kila genge linaisaka.

Mkenya hahitaji kufafanuliwa zaidi. Sisi hukutana Makutano, Meru, na msimamizi wetu hupanda matatu kutoka Embu. Alipofika sehemu hiyo, mmoja wetu akauliza, "Kwani hii ni Goldenberg?" Tofauti ni kwamba serikali yetu, miaka ya 1990, ililipa mabilioni kwa dhahabu ambayo haikuwepo. Ya Waterdeep angalau ipo.

Kitabu kinapoweza, kinaweza kweli. Mnamaliza kazi ya kwanza, na aliyewatuma, Volo, mwandishi wa vitabu vya safari, hana pesa; anawalipa kwa hati ya jumba bovu lenye mzimu. Hapo jiji linaanza kuwa lenu. Fundi anataka chake, vyama vya kazi vinataka ada, mshindani anawaonea gere. Vikao vitatu vizima hatukuwaza hazina. Tulikuwa tunabishana kuhusu paa.

Halafu mambo yanalegea. Kuna maadui wanne, mmoja kwa kila msimu wa mwaka, kila mmoja na maficho yaliyochorwa kwa makini. Ukichagua mmoja, ramani za wale watatu zinabaki mapambo tu. Na jalada linaahidi wizi wa kupanga, lakini ndani mnakimbizana mitaani mkifuata jiwe la ajabu linalojua hazina iko wapi.

Lakini lalamiko langu kubwa si hilo. Harpers wapo, Zhentarim wapo, Lords' Alliance wapo. Wenye pesa ndio hawana kundi: wauza samaki, wapagazi, waliolipa ushuru. Ukiirudisha dhahabu, unaikabidhi ikulu, unapewa zawadi, kisa kimeisha. Aki, sisi tunajua pesa zikirudi huko huwa zinaenda wapi.

Msimamizi wetu aliliona pengo hilo. Akaongeza baraza la wazee, akiiga Njuri Ncheke, na kila anayeitaka dhahabu akalazimika kusimama mbele yake ajitetee. Wakaja hata akina Cassalanter, matajiri waliouza roho za watoto wao kwa shetani na sasa wanataka dhahabu wazikomboe. Meza ilinyamaza. Mhusika wangu, mwizi wa kawaida, akadai fungu. Muuza samaki mmoja akamuuliza, "Na mimi?" Hakuna dadu ya kukuokoa hapo. Tulipiga kura, watatu kwa wawili: dhahabu irudi, lakini ihesabiwe sokoni, mchana, watu wakiona.

Hicho ndicho kikao tunachokizungumzia mpaka leo, na hakimo kitabuni. Kitabu kinafaa, kichezeni. Ila msianze kabla hamjampa mwenye mali kiti mezani.