Kwa Nini Vijana Huzikimbia Habari

Wazee wengi hulalamika kwamba vijana wa leo hawana haja na habari za nchi yao. Husema, "Simu i mkononi mchana kutwa, wala hawamjui Waziri wa Elimu." Lawama hiyo ina ukweli kiasi, lakini mwenye kuitoa hajachungua chanzo chake.

Zamani mtu aliyefungua redio kwa ajili ya muziki alisikia na taarifa ya habari, saa yake ilipofika. Gazeti nalo liliweka jambo zito ukurasa wa kwanza, kwa kuwa mhariri aliliona zito. Katika TikTok hakuna ukurasa wa kwanza. Kanuni za kompyuta, ziitwazo algoriti, huhesabu umekawia wapi, umerudia nini, umempelekea nani. Kisha hukuletea mengine ya namna ile ile. Haziulizi kama jambo lamfaa raia. Huuliza kama litakuzuia usiondoke, maana kukaa kwako ndiko kunakouzwa kwa wenye matangazo. Hivyo kijana apendaye kandanda aweza kumaliza mwezi asipate neno la Bunge, naye hakukataa lolote.

Lakini kosa si la mashine peke yake, wala si la vijana tu. Mwaka 2024 Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford ilitangaza uchunguzi wa nchi 47, Kenya ikiwemo. Katika kila watu 100, wa rika zote, 39 walikiri kuzikwepa habari mara kwa mara au mara nyingine. Mwaka 2017 walikuwa 29. Wengi wa namna hiyo husema kwamba habari huwatia huzuni, hurudia yale yale, na kuwaacha wasijue la kufanya.

Ushahidi tunao hapa kwetu. Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipotaka kuongeza kodi, vijana wale wale walioitwa wavivu waliusoma, wakaufasiri kwa lugha za mama, wakaueleza katika simu zao. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya watu kuuawa katika maandamano, Rais William Ruto alisema hatautia sahihi. Basi kijana hukimbia habari ambazo haoni mahali pake ndani yake.

Hata hivyo, msomaji, usijivune upesi. Wako wasemao, "Jambo likiwa kubwa litanifikia." Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Muswada ule ulipata wapiga mbiu. Bajeti ya kaunti yako, iliyobeba zahanati na maji ya kijiji chenu, huenda isipate hata mmoja. Tena uvumi nao hufika kwa njia ile ile, pengine upesi zaidi.

Chagua gazeti moja, au taarifa moja ya redio, uitenge kila siku kwa dakika 15, kabla ya kuifungua simu. Ukishazijua habari kwa hiari yako, chekesho litakuwa tamu vile vile.