Funga Dirisha Kwanza, Ndipo Usifu

Nimechoka kuonyeshwa picha za skrini. Kijana anaweka mandhari ya mlima wenye ukungu, terminali tatu zinazoonyesha nyuma, mwanya wa vidole viwili kati ya dirisha na dirisha, na wenzake wanammwagia sifa. Hapo kimesifiwa kipaji cha rangi. Kidhibiti cha madirisha hata hakijaguswa.

Ukitaka kukipima, fungua terminali tatu. Kishale cha kipanya kiache katikati ya skrini, usikiguse tena. Andika kidogo kwenye moja, hamia ya jirani kwa kibodi, kisha uifunge hiyo ya jirani. Andika tena. Herufi zimeangukia wapi? Zikirudi ulikotoka, una chombo. Zikiangukia dirisha ambalo kishale kimelikalia kwa bahati tu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Madirisha yanapojipanga upya, moja huteleza likapita chini ya kishale, na X, mfumo unaosimamia skrini na kipanya, hutoa taarifa kwamba kipanya kimeingia humo, ingawa mkono haukusogea. Kidhibiti kizembe husadiki. Dwm, kidhibiti cha Anselm Garbe, haisadiki: ikishapanga, taarifa hizo huzitupa zote kwa kitanzi cha mstari mmoja ndani ya funksheni yake ya restack. Tena hushika orodha mbili, moja ya mpangilio wa madirisha, nyingine ya yaliyoshika fokasi, yaani yaliyopokea herufi, karibuni, ndiyo maana hukurudisha ulikokuwa. Yote hayo katika programu iliyojiwekea ukomo wa mistari 2,000! Wanaoipiga picha hawajawahi kuufungua msimbo wake.

Jamaa mmoja alitutambia kwamba kipanya amekisahau kabisa. Kikajitokeza kisanduku cha kuhifadhi faili, fokasi ikabaki nyuma, nasi tukauona mkono wake wa kulia ukiteremka polepole kwenye padi ya laptopu huku mdomo ukiendelea kuhubiri.

i3, kidhibiti kingine, naiheshimu. Michael Stapelberg aliianza 2009 kwa sababu kidhibiti cha wmii hakikumridhisha kwenye skrini zaidi ya moja. Humo, programu iliyo eneo la kazi lisiloonekana ikidai fokasi, huwekewa alama ya dharura tu, ikangoja. Kidhibiti kinachoruhusu dirisha geni limeze nusu ya nenosiri lako, kifute leo.

Mengine ni mafupi. Mwanya kati ya madirisha ni piseli 0. Kitufe kikuu ni Alt, wala simwelezi mtu kwa nini. Anayeogopa kuhariri config.h, faili la mipangilio la dwm, na kukompaili upya, basi abaki na menyu zake.

Zamani tulikuwa na kidhibiti cha ratpoison cha Shawn Betts: dirisha moja skrini nzima, Ctrl-t ya kuanzisha amri, basi. Hakukuwa na cha kupiga picha, na watu walifanya kazi.

Anayelazimika kwenda Wayland, mrithi wa X, achukue Sway, inayosoma karibu faili lote la mipangilio la i3. Dwm yenyewe haihami. Ni ya X, na mimi niko nayo hukohuko.