Sifa za Fundi wa Vyombo

Atazamaye jahazi likikata mawimbi, tanga limejaa kusi na nahodha yu tezini ameshika usukani, ni nadra kumkumbuka fundi aliyeliunda; kwani kazi ya nahodha huonekana na watu wote bandarini wakaisifu, bali kazi ya fundi, chombo kikiisha kushuliwa, sehemu yake iliyo bora hufunikwa na maji. Nami naona ni haki fundi huyo apewe heshima yake, na gudi analofanyia kazi lihesabiwe miongoni mwa madrasa za ilimu.

Ustadi huu ni wa kadimu katika pwani yetu. Mfanyabiashara mmoja wa Kiyunani aliyekaa Misri katika karne ya 1 aliandika habari za bandari ya Rhapta, akasema kuwa jina lake limetokana na vyombo vya kushonwa. Na mitepe ya visiwa vya Lamu, ambayo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari wa chuma, ilidumu baharini hata karne ya 20.

Huko Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, fundi wa jahazi hakuzoea kuchora ramani, maana umbo zima la chombo alilihifadhi moyoni tangu mkuku mpaka mlingoti. Akitaka taruma, hasumbuki kuupinda mti ulionyooka, bali huzunguka akitafuta tawi lililoota kombo kadiri ya tumbo la chombo, akalichonga kwa tezo likaketi mahali pake. Akitaka kupigilia msumari, kwanza hutoboa tundu kwa keekee, kisha huuzungushia msumari pamba iliyolowana mafuta, ili maji yasipate njia. Lakini kazi niipendayo zaidi kuitazama ni ya kalafati: fundi amechuchumaa chini ya ubavu wa chombo, patasi mkono mmoja na nyundo mkono wa pili, akiishindilia pamba katika kila ufa baina ya mbao, taratibu, asiruke hata shubiri moja, kwa kuwa roho za mabaharia asiowajua zi katika ufa ule. Baadaye chombo hupakwa deheni ya chokaa na shahamu, kikangojea maji ya bamvua.

Wala mtu asidhani ya kuwa uangalifu huo ni wa magudi ya mbao peke yake. Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg, Ujerumani, gudi la Meyer liliunda meli ya chuma iliyoitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kuchukuliwa mpaka Kigoma, na mafundi watatu wa gudi lile wakafuatana nayo. Ikaungwa upya, ikashuliwa katika Ziwa Tanganyika Februari 1915. Mwaka uliofuata, vita vilipowaelemea Wajerumani, waliamua kuizamisha wenyewe isije ikatwaliwa na adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mitambo yake ilipakwa grisi tele, kana kwamba yawekwa akiba. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta mitambo ingali yafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mimi sijui sifa ya ufundi ipitayo hiyo: kuihifadhi kazi hata saa ile ya kuipoteza.

Basi enyi wenzangu wa pwani, mwenye mzee fundi nyumbani kwake na akae naye, ayaandike majina ya mbao na vyombo vya kazi kama atamkavyo mwenyewe, na mwenye kijana apendaye tezo asimzuie kwenda gudini.